Hukumu ya Sikio

Mtu aingiaye dukani leo kutafuta mtambo wa muziki wa nyumbani hukuta mbele yake vyombo viwili vya kuchagua. Cha kwanza ni amplifaya, ambayo kazi yake ni kupokea umeme mdogo mno unaochukua sauti ya santuri au ya redio, na kuukuza mpaka uwe na nguvu ya kusukuma kitu. Cha pili ni spika, ambayo huugeuza umeme huo uwe mtikiso wa hewa. Na mtikiso huo ndio tunaouita sauti. Bei za vyombo hivi hazina mwisho. Kuna jozi ya spika inayopatikana kwa bei ya mbuzi mmoja, na iko jozi nyingine ambayo thamani yake ingetosha kujenga nyumba ya mawe. Hata hivyo muuza duka husema neno lile lile juu ya zote mbili, kwamba hiyo ndiyo sauti yenyewe, kana kwamba mwimbaji amesimama humo chumbani.

Neno hilo si geni. Limesemwa kwa zaidi ya miaka 100, na kila liliposemwa lilipata watu wa kuliamini. Katika kurasa hizi nitaeleza jinsi watu wa Marekani na Uingereza walivyojaribu kulipima, maana habari za amplifaya na spika si habari za waya na sumaku tu. Ni habari za kesi ndefu ambayo shahidi wake mkuu ni sikio, na ambayo mara nyingi ushahidi wake umeharibiwa na jicho.

Thomas Edison alitengeneza fonografu katika mwaka wa 1877. Umeme haukuwamo ndani yake. Mtu alisema au aliimba mbele ya pembe, mtikiso wa sauti yake ukasukuma sindano, na sindano ikachora mfuo. Mfuo ule ulipopitishwa tena chini ya sindano, sauti ilirudi kwa njia ile ile iliyoijia. Nguvu yote iliyotoka ilikuwa nguvu ya sindano na pembe, na hapakuwa na kitu cha kuiongeza. Miungurumo ya ngoma kubwa ilipotea njiani, na miluzi ya herufi kama “s” ilipotea vile vile. Iliyobaki ilikuwa sauti ya katikati, tena yenye kikohozi cha bati.

Walakini, kuanzia mwaka wa 1915 kampuni ya Edison iliwakaribisha watu katika kumbi za miji mingi ya Marekani waje kufanya ulinganifu. Mwimbaji alisimama kando ya mashine akaimba pamoja nayo. Ghafula alifumba kinywa chake, na mashine ikaendelea peke yake. Wakati mwingine taa zilizimwa katikati ya wimbo, na zilipowashwa watu waliona jukwaa halina mtu. Katika mwaka wa 1916 Marie Rappold, mwimbaji mwenye sifa kubwa wakati ule, alifanya hivyo katika ukumbi wa Carnegie mjini New York. Wengi walitoka wakisadiki kwamba hakuna awezaye kutofautisha mtu na mashine.

Mtu wa leo akiisikiliza mashine ile hutabasamu. Je, wazee wale walikuwa viziwi? La. Miaka mingi baadaye mmoja wa waimbaji wale, Anna Case, alieleza kwamba alikuwa akiifananisha sauti yake na sauti ya mashine ili tofauti isitambulike. Basi si mashine iliyomwiga binadamu. Binadamu aliiiga mashine. Lakini hila hiyo haielezi kila kitu. Watu wale walikuwa hawajapata kusikia chombo kilicho bora kuliko kile, na walikuja ukumbini wakiwa wamekwisha ambiwa watakachosikia. Sikio lililoandaliwa hivyo huwa nusu limekwisha kata shauri kabla ya wimbo kuanza.

Umeme ulipoingia, mambo yaligeuka. Katika mwaka wa 1906 Mmarekani Lee de Forest alitengeneza valvu yenye sehemu tatu, iliyofungiwa ndani ya chupa ya kioo. Umeme mdogo uliotiwa katika sehemu ya kati uliamuru umeme mkubwa upite au uzuiliwe, mfano wa mtoto afunguaye na kufunga lango la mfereji: nguvu ni ya maji, lakini amri ni ya mtoto. Hiyo ndiyo asili ya amplifaya. Katika California, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham, walitia koili ya waya katikati ya sumaku na kuiunganisha na pembe. Mwaka 1915, usiku wa kuamkia Krismasi, walipaza sauti mbele ya umati wa watu katika mji wa San Francisco. Miaka minne baadaye, mwaka 1919, Rais Woodrow Wilson alihutubia maelfu ya watu San Diego kwa vyombo vya namna hiyo. Kwa mara ya kwanza sauti ya mtu mmoja ilifika mahali ambapo mapafu yake yasingeweza kuifikisha.

Lakini chombo cha uwanjani si chombo cha sebuleni. Spika ya nyumbani tuijuayo ilitoka kwa Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric, walioeleza kazi yao katika mwaka wa 1925. Waliiacha pembe. Badala yake walichukua koni ya karatasi, wakaifunga koili nyuma yake, na koili wakaitia katika sumaku. Umeme wa muziki upitapo katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma mara nyingi kwa sekunde moja, na karatasi huenda nayo huku ikiisukuma hewa. Msomaji akiifungua spika yoyote ya kawaida leo atauona mpango huo huo, isipokuwa karatasi huenda imekuwa plastiki au kitu kingine.

Palikuwa na tatizo moja ambalo lazima tulikumbuke, kwa sababu tutalikuta tena mbele. Karatasi iendapo mbele hubana hewa ya mbele, na papo hapo huilegeza hewa ya nyuma. Sauti hizi mbili zikikutana kando ya spika hufutana, na zinazofutika kwanza ni sauti nene. Kwa hiyo spika isiyo na sanduku wala ubao wa kuitenga mbele na nyuma hutoa muziki usio na msingi.

Katika miaka hiyo hiyo uchukuaji wa sauti wenyewe ulianza kufanywa kwa umeme, na biashara ya santuri ikaenea duniani. Pwani yetu haikuachwa. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba taarabu kwa Kiswahili mbele ya mitambo, na watu ambao hawakupata kumwona walimsikia majumbani na mikahawani. Kila aliyemsikia hivyo alimsikia kwa kadiri ya chombo kilichokuwapo. Chombo kibaya kilimpa Siti mmoja, na chombo kizuri kilimpa Siti mwingine.

Ubaya wa amplifaya za siku zile ulikuwa wa namna gani? Valvu ilikuza, lakini haikukuza kwa usawa. Iliongeza vivuli vya sauti ambavyo havikuwamo katika wimbo. Wahandisi huita jambo hilo upotovu. Waliolisumbukia zaidi hawakuwa wapenzi wa muziki bali watu wa simu. Ili maneno ya mtu yapite kutoka upande mmoja wa Marekani mpaka upande wa pili, ilibidi yapitie amplifaya nyingi zilizofuatana, na kila moja ilitia kosa lake juu ya makosa ya zilizotangulia. Harold Black, mhandisi kijana wa maabara ya Bell, aliliwaza jambo hili miaka kadhaa. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti, 1927, alikuwa katika feri akivuka mto Hudson kwenda kazini, ndipo jibu lilipomjia. Hakuwa na karatasi, akaandika hesabu zake juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times.

Wazo lake lilikuwa hili: chukua sehemu ya sauti iliyokwisha kuzwa, uirudishe mwanzo kinyumenyume, ilinganishwe na sauti iliyoingia. Kilichozidi ni kosa, na kosa hilo hujifuta lenyewe. Mfano wake ni mwandishi anayenakili kitabu, ambaye kila mstari huuweka kando ya asili, akaona palipokosewa, akasahihisha. Atanakili kurasa chache kuliko mwenziwe, lakini nakala yake itaaminika. Vivyo hivyo amplifaya ya Black ilipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kukuza ili ipate unyofu. Kutupa nguvu kwa makusudi kulionekana upuuzi mbele ya wengi, na ilipita miaka zaidi ya tisa, mpaka Desemba 1937, kabla hajapewa hati ya kumiliki uvumbuzi wake.

Matunda ya feri ile yalifika majumbani baada ya vita. Mwaka 1945 Harold Leak wa London alitangaza amplifaya ambayo upotovu wake haukuzidi sehemu moja katika 1000. Kisha, mwezi wa Aprili na Mei 1947, gazeti la Uingereza la Wireless World lilichapisha makala za mhandisi D. T. N. Williamson, zenye michoro ya amplifaya yenye nguvu ya wati 15 na upotovu mdogo kama ule. Jambo la ajabu si hesabu hizo tu, bali kwamba michoro ilitolewa kwa kila mtu. Yeyote aliyejua kulehemu, na aliyeweza kupata transfoma iliyo njema, alijijengea mwenyewe chombo kilichoshinda vingi vilivyouzwa madukani. Ilijengwa mbali sana na Uingereza. Nathubutu kusema kwamba tangu makala zile, sehemu ngumu ya kazi haikuwa tena amplifaya. Iliyobaki nyuma ni spika.

Hapa yafaa tumtaje Gilbert Briggs, mtu wa biashara ya nguo kutoka Yorkshire na mpenzi mkubwa wa piano, aliyeanza kutengeneza spika katika chumba cha chini cha nyumba yake mjini Ilkley. Kampuni yake, aliyoianzisha mwaka 1932, aliipa jina la bonde la kwao, Wharfedale. Mwaka 1948 aliandika kitabu juu ya spika, kwa lugha nyepesi ambayo mtu asiye mhandisi aliweza kuifuata. Mwaka 1954 alikodi Royal Festival Hall ya London, ukumbi wenye viti karibu 3,000, akafanya jambo lililofanana na lile la Edison: wapigaji wakapiga, kisha santuri na kanda zikapigwa, na watu wakalinganisha. Aliyekuwa pamoja naye ni Peter Walker, ambaye amplifaya za kampuni yake, Quad, ndizo zilizotumika. Mwaka 1955 Briggs alivuka bahari na kufanya vivyo hivyo katika Carnegie, ukumbi ule ule wa Marie Rappold.

Tofauti ya majaribio haya mawili ni kubwa. Spika za Briggs zilikuwa za namna iliyouzwa kwa watu wa nyumbani, na amplifaya ya Quad ya wakati ule ilitoa wati 15 tu, nguvu ambayo watu wengi leo wangeidharau hata kwa chumba cha kulala. Hapakuwa na haja ya mwimbaji kujishusha ili afanane na bati. Hata hivyo jaribio lenyewe lilikuwa na kasoro ile ile ya zamani: watazamaji waliona kila kitu. Tena ukumbi mkubwa huwa na mwangwi wake, na mwangwi huo huipendelea spika kama shuka inavyofunika godoro lililochakaa. Sebule ni hakimu mkali zaidi.

Na sebule ndiyo iliyokuwa inafikiriwa na mwalimu mmoja wa Marekani, Edgar Villchur. Ili sauti nene itoke vizuri, spika bora za siku zile zilihitaji sanduku kubwa kama kabati la nguo. Ile ya Paul Klipsch ya mwaka 1946 ilikalia pembe nzima ya chumba. Villchur aliuliza kwa nini sanduku lisizibwe kabisa, na hewa iliyofungwa ndani ikatumika kama springi ya kuirudisha koni mahali pake. Hewa ni springi nyofu kuliko kitambaa au ngozi. Akamweleza mwanafunzi wake, Henry Kloss, na mwaka 1954 wakaanzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts. Spika yao ya kwanza iliwekwa juu ya rafu ya vitabu, na bado ilinguruma chini kuliko makabati mengi. Baadaye walifungua chumba katika kituo kikuu cha reli cha New York, Grand Central, ambamo mpita njia yeyote aliweza kukaa na kusikiliza bila muuzaji wa kumsumbua.

Peter Walker alifuata njia nyingine kabisa. Mwaka 1957 alitoa spika isiyo na koni wala sanduku: utando mwembamba wa plastiki wenye chaji ya umeme, uliowekwa kati ya mabamba mawili yenye matundu, ukivutwa na kusukumwa kwa eneo lake lote. Kwa sauti ya binadamu na ya zeze ilikuwa safi mno, na wako watu wanaozitunza hadi leo. Lakini haikupenda kupigwa kwa kishindo, na sauti nene hazikuwa fungu lake. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili, ningeichukua ya Villchur kwa ngoma na ya Walker kwa mwimbaji mmoja, nami najua hilo si jibu la mtu mwenye chumba kimoja.

Aliyekata shauri kati yao, bila kujua, alikuwa marehemu. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, alikuwa ameandika mwaka 1931 jinsi ya kuchukua sauti kwa njia mbili ili msikilizaji atambue aliye kushoto na aliye kulia, na jinsi ya kuzitia njia zote mbili katika mfuo mmoja wa santuri. Alikufa mwezi wa Juni 1942, mwenye miaka 38, ndege aliyokuwamo akijaribu rada ilipoanguka. Mwaka 1958 santuri za stirio ziliingia sokoni kwa wingi, na mara moja kila nyumba ikahitaji spika mbili badala ya moja. Ni wachache walioweza kupata nafasi ya makabati mawili. Sanduku dogo likashinda.

Kisha zikaja amplifaya za transista, chombo kilichovumbuliwa katika maabara ya Bell mwaka 1947. Zilikuwa nyepesi, baridi na za nguvu, na vipimo vyake viling'aa katika matangazo. Walakini wasikilizaji wengi walilalamika kwamba baadhi yake zina ukali unaochosha. Wahandisi waliwacheka, lakini baadaye ikaonekana kwamba walalamikaji walikuwa na haki. Transista mbili zilizopokezana kazi hazikupokezana vizuri, na kosa hilo lilidhihirika zaidi katika sauti ndogo, ilhali vipimo vilichukuliwa katika nguvu kubwa. Sikio liligundua ambacho karatasi ilikificha. Huko Marekani magazeti kama Stereophile, lililoanzishwa na J. Gordon Holt mwaka 1962, yalijenga juu ya ukweli huo imani kwamba sikio la mjuzi lapita kipimo chochote. Na bei zikaanza kupanda ngazi isiyo na kileleta.

Ndipo likarudi swali la kale: sikio la mjuzi lasikia nini asipoona? Mwaka 1978 Wireless World lilichapisha jaribio la James Moir, lililofanywa kwa ombi la kampuni ya Walker yenyewe. Amplifaya tatu za Quad, moja ya valvu na mbili za transista, zilipigwa mbele ya wasikilizaji wazoefu wasioambiwa ipi inapigwa, wala hakuna iliyotumiwa kupita nguvu zake. Majibu yao hayakuwa bora kuliko kurusha sarafu. Wapo waliokasirika, na ubishi huo haujaisha.

Kwa spika matokeo yalikuwa kinyume. Huko Ottawa, Kanada, Floyd Toole aliwaketisha watu mbele ya pazia kwa miaka mingi, akawapa karatasi za kuandika alama. Wasikilizaji wenye masikio mazima, walipofichwa jina, umbo na bei, walikubaliana kwa kiasi kikubwa. Walizipenda spika zilizotoa sauti nene na nyembamba kwa usawa, si mbele tu bali hata pembeni, kwa kuwa sauti ya pembeni hugonga ukuta na kurudi kwa msikilizaji. Bei haikuonyesha njia.

Mwaka 1994 Toole, aliyekuwa amehamia kampuni ya Harman huko California, alitoa habari za jaribio alilofanya na mwenziwe Sean Olive. Wafanyakazi wa kampuni hiyo walizisikiliza spika nne, kwanza bila kuziona, kisha wakiziona. Tatu zilikuwa kubwa na za kupendeza. Ya nne ilikuwa seti ndogo ya bei rahisi. Nyuma ya pazia ile ndogo ilijitetea vizuri. Pazia lilipoondolewa alama zake zilishuka, na za zile kubwa zikapanda, ingawa muziki ulikuwa ule ule na chumba kile kile. Baadaye kampuni ilijenga mtambo wa kuzisogeza spika nyuma ya pazia, ili moja ikitoka nyingine iingie kwa sekunde chache na kusimama mahali pale pale. Na wahandisi walipotaka kuihukumu kazi ya mikono yao wenyewe, walikaa upande wa pili wa pazia kama wageni.